Mjane Ndani ya Teksi

Tulimwacha Abdulla mkono wake umeshika kitasa cha mlango wa nyuma wa teksi. Bado umekishika. Najua mmekaa juma zima mkinisimamisha njiani, mkiniuliza kama alifungua au hakufungua. Tulieni, wenzangu. Ndani ya teksi ile yumo mtu ambaye roho imemkaa kooni kuliko ninyi nyote.

Mtu huyo ni Mauza, mjane wa marehemu Azzan, na eda yake haijaisha. Mwanamke wa Kiarabu aliyefiwa na mume havuki kizingiti, haonwi na wanaume, hajipaki wanja wala hajitii manukato mpaka eda iishe. Naye huyu hapa mchana kweupe, njia panda ya Kichwele na Msimbazi, ndani ya teksi ya Mchaga aitwaye Wilbert, ambaye si ndugu yake wala si wa dini yake.

Alitoka kwa sababu ya Morisi nyeusi iliyo mbele. Ni motokaa ya shemeji yake, huyo huyo Abdulla, mwenye duka la vitambaa hapa Kariakoo. Ndani yake yumo Zeina, mtoto wa pekee wa Mauza, amevalishwa viatu vya safari. Meli ya Maskati inaondoka alasiri hii, na shangazi mmoja mzee anamngoja Forodhani aondoke naye.

Abdulla alikwisha piga hesabu zake. Mjane yumo edani, hawezi kutoka kumfuata mtoto. Hawezi kwenda kwa Liwali kushtaki. Eda itakapokwisha mtoto yuko ng'ambo, na bahari haina mlango wa kugonga. Ila alimsahau Tatu.

Tatu ni jirani, Mzaramo mchoma vitumbua, na Abdulla hamjui kwa sura kwa sababu ndogo tu: Abdulla huingia nyumba ile kwa mlango wa mbele, na Tatu ni mtu wa mlango wa uani. Ndiye aliyemletea Mauza habari za meli, akaikodi teksi, akatundika kanga madirishani, akamtia Mauza ndani akiwa amefunikwa gubigubi, akakaa ubavuni pake. Wilbert aliifukuza Morisi ili aipite na kuizuia mbele. Mkokoteni wa nazi ukachomoza, Abdulla akakaza breki, Wilbert akachelewa kidogo. Kishindo chenyewe si kikubwa. Taa moja ya teksi imevunjika, na matako ya Morisi yamebonyea. Haya, sasa twende.

"Fungua," alisema Abdulla. "Nataka kumwona huyo tajiri aliyemkodi mlevi huyu."

Mauza aliisikia sauti ile nyuma ya kanga, karibu kabisa na sikio lake. Abdulla ana sauti ya ndugu yake marehemu, ile ile, na mwili wa Mauza ulisisimka kabla akili haijamwambia ni nani.

Tatu alisogeza kanga, akatoa kichwa peke yake.

"Hakuna tajiri humu, bwana mkubwa. Tu wanawake watupu."

"Wanawake gani? Mwambie huyo mwingine aseme."

"Hasemi."

"Bubu?"

Mwongo mzuri hapewi muda wa kufikiri. Tatu alimtazama Abdulla usoni, akasema, "Ni mwali. Hajatolewa. Nampeleka kwa shangazi yake Gerezani. Nawe ukitaka kuwa mwanamume wa kwanza kumfunua mwali wa watu kabla ya siku yake, basi fungua. Wajomba zake wako Kisarawe, watakuja kukusalimu."

Abdulla akaondoa mkono. Amekulia Kariakoo, anawauzia Wazaramo kanga za unyago, anajua mambo ya mwali hayachezewi. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hufundwa, na akitolewa nje hufunikwa shuka, hatazami mtu wala hasemi. Uongo ule ulimkaa Mauza kama nguo ya kushonewa.

Lakini Tatu naye alikosea. Alisahau alipo. Neno mwali halisemwi kwa sauti katikati ya Kariakoo, wanawake wakakaa kimya. Aliposema mwali, muuza ndizi alisikia. Muuza ndizi akamwambia muuza mchicha, muuza mchicha akaacha mchicha wake, na kabla Abdulla hajageuka, teksi ilikwisha zungukwa. Mmoja anapiga makofi, mwingine anapigia kopo la samli, wa tatu anauliza mwali wa nani.

"Mama yangu wee," alinong'ona Tatu.

Aliyewaongoza alikuwa Bi Sikudhani, muuza bagia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu mitaa miwili. Akamjia Tatu dirishani.

"Mwanangu, hujambo?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwali wa nani huyu?"

"Wa dada yangu. Wa Kisarawe."

"Na kungwi wake nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Bi Sikudhani alimpima toka kilemba hata kidevu. "Makungwi wa mji huu nawajua mmoja mmoja, wengine nimewafunda mwenyewe. Wewe umeota wapi?"

Bi Sikudhani hakungoja jibu. Alizunguka upande wa pili, akapitisha mkono chini ya kanga, akamshika mwali mkono ampe baraka, kama desturi yetu ilivyo.

Mkono alioushika haukuwa wa mwali. Ulikuwa wa mtu mzima, tena rangi yake si ya Kisarawe. Haukuwa na pete. Haukuwa na bangili. Haukuwa na hata alama ya hina kuchani. Mwanamke wa Kiarabu mwenye mkono mtupu kama ule ni wa namna moja tu, na kila mwanamke wa pwani anaijua.

"Mjane," alisema Bi Sikudhani polepole. "Wewe umo edani."

Mauza aliinama mpaka midomo yake ikakaribia ile kanga. Aliogopa sauti yake, maana Kiswahili chake kina lafudhi ya Maskati, na Abdulla angeitambua hata usingizini. Lakini mkono ule wa muuza bagia ulikuwa umemkamata, na ulikuwa na joto.

"Mwanangu yumo kwenye gari la mbele," alisema. "Wanampeleka Maskati. Sijamuaga hata kumuaga."

Wanaomjua Bi Sikudhani wanasema ile ndiyo mara ya kwanza kumwona amefunga kinywa. Alitazama Morisi. Akaona kichwa kidogo nyuma ya kioo. Akaurudisha mkono wa Mauza chini ya buibui taratibu, akajishika kiuno, akatoa kigelegele hata kunguru wa Mnazi Mmoja wakaruka.

"Mwali huyo, wanangu. Mwali wa kweli. Mchezeni."

Wakamcheza. Wakaizunguka teksi, wakaizunguka na Morisi, na wa mbele kabisa wakakaa kitako barabarani, mbele ya magurudumu ya Abdulla. Abdulla alikwisha rudi kwenye motokaa yake, amewasha, anapiga honi. Anayemsikia ni nani?

Hapo Mauza akafahamu jambo ambalo dakika chache tu zilizopita lingemshangaza. Tangu kishindo kile alikuwa akimwomba Mungu watu watawanyike aende zake. Kumbe ajali ile ndiyo bahati yake. Meli haimngoji Abdulla. Kila mwanamke anayecheza barabarani anampunguzia Abdulla saa.

Na Abdulla si mjinga, naye akalijua hilo hilo. Akazima motokaa, akatoka, akaifunga milango kwa ufunguo, akamjia Wilbert, aliyekuwa amechuchumaa akitazama taa yake iliyovunjika kama mtu anayetazama maiti ya mbuzi wake.

"Sikiliza, Mchaga. Mimi nina haraka. Nimekusamehe. Ondoa watu hawa, kila mtu ashike njia yake."

Wilbert alisimama, uso umemng'aa. "Mungu akubariki, bwana."

"Wilbert," aliita Tatu dirishani. "Njoo hapa."

Akaja.

"Kataa," alinong'ona Tatu.

"Nikatae nini?"

"Kusamehewa."

"Mama, una wazimu? Mimi ndiye niliyegonga. Wa mbele amesimama, wa nyuma amemgonga, hakuna kesi rahisi kama hiyo duniani. Askari akija leseni yangu imekwenda. Nirudi Kibosho nikapalilie kahawa ya kaka yangu?"

"Akiondoka sasa, mtoto ameondoka."

"Mchukueni basi."

"Amefunga milango. Na tukivunja kioo watasema tumeiba mtoto, tutafungwa sisi, naye atapanda meli akicheka. Nataka askari aje amzuie."

Wilbert alitazama chini, akatazama juu, akasema neno la Kichaga ambalo mhariri hataniruhusu kulifasiri. Kisha ikatoka sauti nyuma ya kanga. Tangu alipompakia, mwanamke yule hakuwa amemsemesha hata neno.

"Ndugu yangu," alisema Mauza, "mimi katika mji huu sina mtu. Nimeletwa hapa bibi harusi, na aliyenileta nimemzika. Zeina ndiye mji wangu. Sina cha kukuambia zaidi ya hicho."

Wilbert akajifuta mikono kwenye suruali, akamrudia Abdulla, na watu wa Kichwele walioyasikia maneno yake wanayasimulia mpaka leo.

"Bwana, nimefikiri. Sitaki kusamehewa. Nataka askari."

Umati ukaangua kicheko. Abdulla alimtazama kama mtu aliyeambiwa na mbuzi kwamba anataka kuchinjwa.

"Wewe ndiye mwenye kosa."

"Ndiyo. Nami nalitaka kosa langu lipimwe."

Askari hakuwa mbali. Kelele zile zingemtoa hata aliye kaburini. Jina lake Tarsis, mtu mrefu wa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, mpole wa maneno, mgumu wa kila kitu kingine. Aliwanyamazisha wanawake kwa kunyanyua mkono tu.

"Gari hazisogei mpaka nimepima."

"Bwana askari," alisema Abdulla, "mimi nina mtoto wa kupeleka melini. Meli inaondoka alasiri hii."

"Meli haikugongwa," alisema Tarsis, akaanza kupima.

Alipima kama mtu anayepima kiwanja chake mwenyewe. Alipima toka teksi hadi Morisi, akapima toka Morisi hadi mkokoteni, akamrudisha mwenye mkokoteni pale aliposimama kwanza, akapima tena. Jasho lilikuwa likimtiririka Abdulla shingoni. Ndani ya teksi Tatu alimfinya Mauza paja kwa furaha. Mauza alimwona mwanawe kupitia upenyo wa kanga na kioo cha mbele, kichwa kile kidogo, utepe ule aliomfunga mwenyewe asubuhi kabla shemeji hajaja kumchukua kwa kisingizio cha kumpeleka madukani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi mpaka ikafika chini.

Angejua yajayo asingeivuta.

"Sasa mashahidi," alisema Tarsis. "Abiria wote washuke, wataje majina."

Tatu akashuka peke yake. "Mwenzangu ni mwali, bwana askari. Hashuki wala hasemi."

"Kweli ni mwali," alidakia Bi Sikudhani. "Nimemshika mkono."

Tarsis alijikuna. Ni mtu wa bara, na mambo ya unyago wa pwani hakuyapenda yawe kwenye kazi yake. Pengine angeyaacha yapite. Lakini Abdulla alikuwa amesimama pale, ana muda wa kufikiri, na nyinyi mnajua mfanyabiashara wa Kariakoo akipata muda wa kufikiri.

"Mwali gani huyu?" alisema. "Wanawake kumi wanamwimbia, na hakuna hata mmoja aliyeimba jina la baba yake. Anapelekwa Gerezani, na teksi imeipita njia ya Gerezani kule nyuma. Inakuja mjini. Inanifuata mimi."

Tarsis aliitazama teksi, akaitazama barabara.

"Na huyo mtoto wako unayempeleka melini," aliuliza bila kugeuka, "ni wako?"

"Wa ndugu yangu, marehemu."

"Mama yake yupo?"

"Yupo."

"Anajua?"

"Ndiye aliyeniomba," alisema Abdulla. "Alilia, akaniambia, shemeji, mimi mjane, mtoto huyu simwezi, mpeleke kwa bibi yake. Wallahi, amekubali kwa moyo wake."

Msomaji, kuna uongo mtu huuvumilia, na kuna ule ambao ukiusikia damu yote hukupanda kichwani. Mauza alikuwa amevumilia kishindo, amevumilia mkono mlangoni, amevumilia kuitwa mwali na kuchezewa ngoma naye mume wake kaburi lake halijakauka. Kusikia jina lake limetiwa kwenye maneno yale hakuweza. Alijua akitoka Abdulla atakuwa na la kumwambia Liwali: mjane huyu amevunja eda, amepatikana ndani ya gari la mwanamume, hafai kulea. Alilijua. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mlango wa nyuma ukafunguka kwa ndani.

"Sikukubali," alisema Mauza.

Wanawake wote wakarudi nyuma. Mwali amesema. Mwenye kopo la samli alilidondosha.

"Mimi ndiye mama wa Zeina. Sikukubali, sikuombwa, sikuambiwa. Alisema anampeleka madukani kumnunulia nguo. Bwana askari, nirudishie mwanangu."

Nilitegemea Abdulla angeshtuka. Wallahi hata mimi ninayeisimulia nilitegemea. Uso ulimbadilika, lakini kwa kitambo kidogo sana, kisha akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa barabarani.

"Bwana askari, mke wa ndugu yangu anakaa eda. Yumo ndani, hajavuka kizingiti tangu siku ya maziko. Waulize Waarabu wote, waulize Waswahili wote. Mwanamke wa nyumba yetu hawezi kuwa hapa. Mimi huyu simjui."

Hapo ndipo Mauza alipouona mtego. Eda ile ile iliyomfungia ndani, sasa inamfungia nje.

"Anaongopa. Ananijua."

"Yuko mwingine anayekujua?" aliuliza Tarsis.

Tatu akasema yeye anamjua. Tarsis akamwambia, wewe ndiye uliyeniambia ni mwali. Bi Sikudhani akafungua mdomo, akaufunga, maana naye alikwisha apa kwamba kamshika mwali mkono. Wilbert alimjua kwa sauti tu. Ndivyo njia ya mwongo ilivyo fupi, hata mwongo akiwa na nia njema.

Mauza akashika ukingo wa buibui, akalifunua. Alifunua uso wote, jua likampiga, mbele ya wachukuzi na wauza ndizi na wapita njia wa Kariakoo nzima. Tangu utoto wake hakuna mwanamume asiye wake aliyeuona uso ule. Wanaume wengine waliinamisha macho kwa haya. Mauza aligeuka huku na huku, akitafuta jicho moja litakaloonyesha kumtambua, na hakuna. Miaka yote aliyokaa Dar es Salaam aliujua mji kwa sauti zake nyuma ya dirisha, na mji haukupata kumwona. Alijiona mgeni siku ile kuliko siku aliyoshuka melini.

"Yuko mmoja," alisema. "Muulize mtoto."

Abdulla akasita. Tarsis akamnyooshea mkono. "Ufunguo."

Mlango wa Morisi ukafunguliwa. Zeina akashuka, viatu vipya vinambana, anatembea kwa uangalifu. Akamwona mama yake. Mauza alipiga magoti pale barabarani, amefungua mikono.

"Usiogope, mtoto," alisema Tarsis, akainama. "Huyu bibi unamjua? Ni mama yako?"

Zeina alimtazama mama yake. Akamtazama askari, kofia yake, rungu lake. Sasa nikuambieni asichokijua Tarsis, wala Mauza mwenyewe hakukijua mpaka dakika ile. Tangu msiba, mashangazi wa nyumba ile walikuwa wakimpakata mtoto kila jioni na kumwambia: mama yako akikanyaga nje kabla ya siku zake, baba yako ataungua kaburini, na mama atakuja kuchukuliwa na askari. Na mama huyu hapa amekanyaga nje. Na askari huyu hapa.

Mtoto alimpenda mama yake kuliko kitu chochote.

"Hapana," alisema Zeina. "Mama yangu yuko ndani. Mama yangu hatoki."

Tarsis akasimama, akamrudishia Abdulla ufunguo.

"Ondoa gari lako, bwana, uwahi meli. Na wewe, bibi, utafuatana nami kituoni. Kujidai mama wa mtoto wa watu ni kesi."

Wanawake waliokaa barabarani wakainuka mmoja mmoja. Morisi ikawaka. Tatu alilia kwa sauti, Wilbert alimshika Tarsis mkono wa shati akaambiwa auachie. Mauza hakulia. Alikuwa bado amepiga magoti, macho yake kwenye kioo cha nyuma cha motokaa ile iliyoanza kushuka kuelekea mjini, na nyuma ya kioo Zeina alikuwa amepanda juu ya kiti, anamtazama, ameweka kidole midomoni kumwambia anyamaze, asije akajulikana.